Kutoka Migombani Mugoma Hadi Mizabibuni Dodoma

Nilipokuwa mtoto Mugoma, nilivijua vinywaji viwili vya heshima. Cha kwanza kilitengenezwa nyuma ya nyumba ya bibi. Ndizi ziliivishwa shimoni, zikakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao, kisha juisi yake ikachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba. Baada ya siku moja au mbili urwagwa ulikuwa tayari, pombe ambayo kwingineko Kagera huitwa rubisi. Posa haikwenda bila pombe hiyo. Kinywaji cha pili kilikaa ndani ya kikombe cha padri, na kwetu hakuna aliyejua kilikotoka. Tulikiita divai.

Siku moja nilimwuliza katekista kwa nini padri asitumie urwagwa. Alicheka sana. Bibi hakucheka.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, katika Sheria ya Kanisa. Kanuni ya 924 inataka divai ya misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Ndizi haimo. Kwa hiyo mmisionari aliyefika bara alikuwa na njia mbili tu: aagize divai kutoka ng'ambo au apande mizabibu. Hata lugha yetu inakumbuka hilo. Mvinyo ni neno lililotokana na Kireno, na liliingia kupitia pwani. Divai inatokana na Kifaransa, na kwa wengi wetu wa bara ni neno la kanisani kwanza, la baa baadaye.

Ndiyo maana nilipotaka kuona mizabibu ya Tanzania nilipanda basi kwenda Dodoma. Kutoka Ngara unapita Kahama, Nzega, Singida na Manyoni. Migomba inakuacha mapema, na kufikia Bahi hata kijani chenyewe kimekuacha. Abiria wa jirani aliponiuliza naenda kufanya nini, nikamwambia naenda kutembelea mashamba ya zabibu, alinitazama kama mtu aliyesema anakwenda jangwani kuvua samaki.

Lakini ukavu ndio siri yenyewe. Dodoma hupata mvua kidogo, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, halafu mbingu inafungwa. Unyevu wa kwetu Ngara ungeyaletea majani ya mzabibu ukungu mwaka mzima. Ulaya majira ya baridi ndiyo hulaza mizabibu, ikavunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya namna hiyo, hivyo mkulima anaifanya kazi ya majira kwa mkasi wake. Akipogoa, mzabibu unaanza upya. Ndiyo sababu wanavuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena karibu na Agosti. Nilisimama kwenye mistari ya nguzo na waya, vumbi jekundu likiwa limefunika viatu, na vishada vyeusi vikining'inia usawa wa kiuno. Sikuwa nimejiandaa kwa uzuri ule.

Historia yake inaanzia Bihawana, misheni iliyo kwenye barabara ya Iringa, kusini magharibi mwa mji. Wapasionisti kutoka Italia walikabidhiwa eneo la Dodoma miaka ya 1930, na walitoka katika nchi ambako shamba la mizabibu kando ya nyumba ya watawa si jambo la ajabu. Zabibu ilianza hapo kama mahitaji ya altare. Baada ya Uhuru ikatoka nje ya uzio wa misheni, ikafika gerezani Isanga na mashambani kwa Wagogo, watu waliozoea mtama, uwele na njaa za ukame. Serikali ikaingia. Wakati ambapo Dodoma ilitangazwa makao makuu, mwaka 1973, zabibu nayo ilionekana kama zao ambalo mkoa mkavu ungeweza kujivunia. Kampuni ya umma, DOWICO, ikawa mnunuzi, na chupa ya mvinyo wa Dodoma ikawa fahari ya taifa. Miaka ya 1990 mnunuzi huyo aliporomoka pamoja na mashirika mengi ya umma. Mizabibu ilibaki imesimama, inazaa kama kawaida, bila mtu wa kuipokea.

Hapo ndipo safari yangu ilipobadilika. Nilitarajia kuandika juu ya ladha. Hombolo, mzee mmoja alinionyesha shamba lake na kuniambia kuhusu msimu ambao mnunuzi aliahidi kuja na hakuja. Zabibu mbivu haisubiri. Inakaa siku chache tu, basi. Siku hizi, alisema, wengi hukamua wenyewe na kuuza mchuzi, yaani mvinyo usio na chupa wala jina, kwa viwanda vinavyoweza kuupeleka mbali. Mchuzi! Neno la jikoni kabisa. Divai ilikuwa ya padri, mvinyo ukawa wa taifa, na mkulima amebaki na mchuzi. Nilimwuliza kama yeye huunywa. Akasema mara chache. Sherehe ikija, nyumbani kwake wanapika ujimbi.

Nilirudi Mugoma na chupa moja. Mtumbwi wa bibi siku hizi umeegemezwa ukutani. Mnyauko wa migomba, uliothibitika Kagera mwaka 2006, ulifika hadi shambani kwake, akakata karibu migomba yote na kuifukia. Sasa urwagwa ananunua kwa jirani. Alionja mvinyo, akakunja uso, akasema ni mkali lakini ni wa zabibu kweli. Kisha nikamsimulia habari za yule mzee na zabibu zilizooza.

"Zilipokosa mnunuzi," akauliza, "kwa nini hawakuwaita majirani?"

Nilianza kumweleza habari za viwanda, mapipa na ushuru. Alinisikiliza kwa adabu, akajimiminia tena kidogo.