Jiwe la baba mdogo

Najua nimepotea, mitihani ilitubana si mchezo. Leo mlima umefunguka wote tangu asubuhi. Nimetoka nyumbani Old Moshi na ndizi za wiki nzima (watu wa room yangu msijifanye hamjasikia), ila nimerudi pia na jiwe.

Jiwe ni la baba mdogo. Alilinunua Mererani mwaka 2009 kwa kijana mmoja, akauza ng'ombe wawili. Tangu hapo limekaa kwenye leso ndani ya kopo la maziwa. Sasa binti yake kapata chuo, mkopo hajapata. Akaniambia, "Wewe si unasoma fizikia? Niangalizie, mwanangu, kabla sijaenda kuchekwa na madalali."

Nikasema sawa baba. Ningesemaje?

Kwanza, hata wakubwa walichemka kwenye jiwe hili. Tanzanite ilipoanza kujulikana mwaka 1967, Manuel d'Souza aliyesajili kitalu alidhani ni olivini, baadaye akadhani ni dumotieraiti. Aliyepatia kwanza kwamba ni zoisaiti alikuwa Ian McCloud, mjiolojia wa serikali pale Dodoma. Na mtu anayetambuliwa na serikali kuwa mgunduzi, Jumanne Ngoma, alisubiri hadi 2018 kutambuliwa hadharani. Lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine.

Mawe mawili ya bluu yanatofautianaje basi? Rangi inadanganya. Kisichodanganya ni jinsi atomu zake zinavyotikisika. Ndani ya fuwele atomu zimepangwa kama mibuni shambani, safu kwa safu, na kila fuwele ina mitetemo yake. Kwenye chupa atomu zimemwagwa tu.

Mwaka 1928 mitetemo hiyo ilisomwa kwa njia ya mwanga unaotawanyika. Kule Calcutta, C.V. Raman alipitisha mwanga wa rangi moja kwenye vimiminika, akaona kiasi kidogo sana kinatoka na rangi nyingine: atomu zinazotikisika zimekula nishati kidogo, au zimeongeza. Mwaka huo huo Moscow, Landsberg na Mandelstam waliona jambo lile lile kwenye fuwele za kwatzi. Nobel ya 1930 akabeba Raman peke yake. Haya.

Shida ni kwamba mwanga huo ni hafifu mno. Ikabidi kusubiri leza, ambayo Theodore Maiman aliiwasha Marekani tarehe 16 Mei 1960 kwa kutumia kipande cha rubi ya kutengenezwa. Hapa nilicheka mwenyewe, kwa sababu kule Longido, ng'ambo ya pili ya mlima wetu, rubi nyekundu inakaa ndani ya zoisaiti ya kijani, jiwe moja! Mama wa leza na ndugu wa tanzanite wanalala kitanda kimoja.

Sasa kaeni mkao wa kula. Mtetemo mmoja maarufu wa kwatzi huenda na kurudi mara trilioni 14 hivi kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja unachukua kama femtosekunde 72. Femtosekunde ni sekunde moja ukiigawa mara milioni, kisha kila kipande ukakigawa tena mara bilioni. Kumsukuma mtoto kwenye bembea, msukumo wako lazima uwe mfupi kuliko mwendo wa bembea, la sivyo unamzuia mwenyewe. Kwa hiyo hadi leza za mipigo ya femtosekunde zilipopatikana, hakuna aliyeweza kuigonga fuwele kama kengele.

Mwaka 1985 Keith Nelson na wenzake kule MIT walieleza jinsi inavyofanyika. Fuwele angavu haili mwanga, unapita tu, sasa utaisukumaje? Mpigo ukipita huvuta elektroni ghafla, atomu zinashtuka, zinaanza kutikisika zote kwa pamoja, na mwanga unatoka umekuwa mwekundu kidogo kwa nishati uliyoacha. Kisha unatuma mpigo wa pili, dhaifu, uliochelewa kidogo. Atomu zikitikisika, namna fuwele inavyopinda mwanga nayo inapanda na kushuka, na mpigo wa pili unatoka na alama hiyo. Kuuchelewesha kwa femtosekunde 10, unasogeza kioo nyuma kwa sehemu moja na nusu ya elfu ya milimita tu. Yaani saa yao ni rula! Mwafrika mwenzetu Ahmed Zewail, mzaliwa wa Misri, alitumia mipigo ya aina hii kuangalia kemikali zikivunjika, akapata Nobel 1999.

Ukiigonga fuwele hivyo, inalia kwa muda kabla ya kunyamaza. Ukiigonga chupa, kila atomu inaenda kivyake na sauti inakufa mapema.

Mitambo hiyo hapa chuoni hatuna, nikafanya cha kimaskini. Nimeng'oa plastiki ya polaroidi kwenye kikokotoo kibovu, nikaliweka jiwe dirishani, nikawa nazungusha plastiki. Tanzanite iliyochomwa, kwa sababu ya ule mpangilio wa atomu, hubadilika kutoka bluu kwenda zambarau. Nikageuza jiwe pande zote, maana kuna upande ambao hata la kweli halibadiliki.

Bluu. Bluu. Bluu.

Nikaazima lenzi kwa jamaa wa baiolojia. Ndani kuna kiputo cha hewa, duara kabisa, kama cha soda.

Nimerudia mara nne. Baba mdogo kapiga simu mara mbili jioni hii, nimeiacha iite. Kesho napanda daladala ya kwanza kurudi Old Moshi, nimemfungia jiwe lake kwenye leso ile ile.