Ukichimba Wajir, maji hayakungoji

Wasee, huku kwetu Bute tunatafuta maji hadi jasho litoke. Teremka Wajir mjini, kaunti ile ile, chimba mita chache tu: maji hayo. Raha, sivyo? Ngoja sasa ujaribu kuchimba choo.

Visima vya Wajir vilichimbwa kwenye mawe ya chokaa zamani sana. Wazee husimulia kuwa waliovichimba ni Madanle, watu wa kale, tena wengine husema walikuwa majitu. Mkoloni alipoweka kambi Wajir mwaka 1912, alifuata hivyo visima. Hesabu ya mchimbaji ni rahisi: teka maji haraka kuliko yanavyoingia. Ukishindwa, shimo lako limeisha hapo.

Kwingine walikuwa wanapigana na maji hayo hayo. Mwaka 1856, Mfaransa Henry Darcy alionyesha kuwa kasi ya maji ardhini hutegemea tofauti ya kimo cha maji, ukigawanya kwa urefu wa njia yanayopitia. Mwaka 1902 huko Bremen, Ujerumani, Tryggve Larssen akaleta mabamba ya chuma yanayoshikana, yanayopigiliwa ardhini kuzunguka shimo. Ukiyashindilia chini zaidi, maji yanalazimika kuzunguka mbali, kwa hivyo yanaingia polepole.

Lakini hayakomi. Yanapandia sakafuni mwa shimo, na msukumo ukizidi, mchanga unaelea kama uji unaochemka na ukuta unaweza kuanguka. Karl Terzaghi, aliyewahi kufundisha Istanbul, ndiye aliyetuwekea hesabu ya hatari hiyo. Ndiyo maana kwenye mjengo mkubwa wanatoboa visima pembeni na kupiga pampu kwanza, ndio wachimbe.

Sasa usikimbilie kuagiza mabamba Wajir. Jiwe la chokaa ni gumu, chuma hakipenyi hivi hivi, na maji yanapita kwenye nyufa. Halafu kuna jambo ambalo watu hawalisemi: njia inayoingiza maji shimoni ndiyo hiyo hiyo inayotoa uchafu. Chimba choo cha shimo kando ya kisima na umeunganisha viwili hivyo, hata kama huoni bomba.

Ndiyo maana kwa miaka mingi mji ulitumia vyoo vya ndoo. Kuna mtu alikuwa anabeba kinyesi cha wenzake kwa sababu maji yako karibu mno. Tukicheka hiyo kazi, tunajicheka wenyewe.

Mimi niliacha chuo, sina cheti cha kukuonyesha. Ila naona hivi: Wajir, choo kijengwe juu ya ardhi, kiwe na tangi lisilovuja, na gari la kunyonya lifike. Madanle walituachia maji. Tusiyarudishie mavi.