Hesabu Iliyoachwa Nusu

Bila shaka umekwisha kujifunza kwamba tarakimu moja iliyokosewa huharibu jibu zima. Lakini liko kosa jingine lililo gumu zaidi kuligundua: tarakimu zote ni sahihi, ila nyingine zimeachwa nje ya hesabu. Kosa la namna hiyo lilichangia vifo vya watu 7 huko Marekani mwaka 1986.

Chombo cha angani kiitwacho Challenger kilitazamiwa kuruka kutoka Florida tarehe 28 Januari. Roketi zake mbili kubwa ziliundwa kwa vipande vilivyounganishwa, na katika viungo hivyo zilitiwa pete za mpira ili gesi ya moto isipenye nje. Katika safari 7 zilizotangulia, pete hizo zilikuwa zimepata madhara.

Usiku wa kuamkia siku hiyo palikuwa na baridi kali. Mafundi wa roketi walihofu kwamba mpira ukipoa huwa mgumu, usizibe upesi. Wakashauri safari iahirishwe. Wakubwa wakataka ushahidi. Lakini walilinganisha zile safari zenye madhara tu, wakaona kwamba moja iliondoka penye nyuzi 12 za Sentigredi, na nyingine penye nyuzi 24. Basi baridi haikuonekana kuwa na hatia, na ushauri wa mafundi ukabatilishwa.

Challenger kiliruka penye nyuzi 2 tu. Baada ya sekunde 73 kilivunjika, wakafa wote 7 waliokuwamo. Mmoja wao alikuwa mwalimu, Christa McAuliffe, aliyekusudia kuwafundisha watoto wa shule kutoka angani.

Tume ya uchunguzi ilipoirudia hesabu, iliziingiza pia safari zilizokwenda salama. Ndipo jambo likawa wazi. Safari zote 4 zilizoondoka penye nyuzi 17 au chini yake zilipata madhara. Lakini katika safari 20 za nyuzi 19 na zaidi, ni 3 tu zilizopata. Hapakuhitajiwa hesabu ngumu. Mchoro mmoja wenye nukta za safari zote ungalitosha kumwonyesha hata mtu asiye fundi.

Nawe ukitaka kujua kama mvua ndiyo inayowachelewesha wanafunzi, usitazame siku walizochelewa tu. Tazama pia siku walizowahi, uone zilikuwa za mvua au za jua. Siku hizi watengenezaji wa programu za kompyuta huzijaribu mara maelfu, na majaribio mengine hushindwa. Anayetaka kujua sababu imempasa kuyaweka yaliyoshindwa kando ya yaliyofaulu, kisha ayachore mahali pamoja, ili yule mwenye mamlaka ya kuamua apate kuona kabla ya kuamua.