Uso wa Nyumba katika Nchi ya Migomba

Sisi watu wa pwani nyumba twaijua kwa mlango wake. Twatazama nakshi za miimo, twatazama baraza za kulia na kushoto, kisha kipaa cha mbele kilivyoinama, na hapo tumekwisha kujua mengi juu ya mwenyewe kabla hatujapiga hodi. Nyumba yetu huielekea njia na humsemesha mpita njia. Mtu aliyelelewa hivyo akienda Bukoba au Muleba, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, na kuitafuta nyumba ya asili ya Wahaya kwa jicho la kwao, hatapata cha kutazama. Kwa kuwa nyumba hiyo haikuwa na uso. Uso ilikuja kuupata baadaye, na makala haya ni habari ya namna ulivyopatikana na bei iliyolipwa kwa ajili yake.

Msonge wa Kihaya ulianzia ardhini. Hapakuwa na ukuta unaokoma mahali fulani ili paa lianze. Fito zilipindwa na kufungwa kwa kamba pete juu ya pete, kama mtu asukaye kapu kubwa na kulifudikiza, kisha nyasi zikaezekwa kutoka kileleni hata zikagusa udongo. Wataalamu wa asili za maneno watasema watakayosema. Mimi sikio langu, kila lisikiapo neno msonge, hukumbuka kusonga nywele. Dirisha halikuwapo. Mbele palikuwa na ukumbi mfupi uliochomoza kama ukingo wa kofia, na aliyeingia aliinama atake asitake. Ndani mlikuwa na viambaza vya matete, moto, nyasi zilizotandikwa sakafuni, na mahali pa ng'ombe. Moshi haukuwa na bomba, ulipenya katika nyasi za paa, ukazikausha na kuwafukuza wadudu. Mgeni alipokelewa kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune. Hata tenzi za nanga, alizozitafiti M. M. Mulokozi, zilikuwa na masikilizano yake huko ndani, jioni, karibu na moto. Uzuri wote ulikuwa upande wa pili wa mlango.

Basi nje palikuwa na nini? Palikuwa na kibanja. Neno hili tusilipitie mbio, maana lugha yetu ya pwani hulitumia kwa kiwanja kidogo tu, ilhali kwa Mhaya kibanja ni shamba la migomba lililozunguka nyumba, na mibuni iliyopandwa katikati ya migomba, na maharage chini yake, na makaburi ya wazee humo humo. Udongo wake umelishwa samadi na matandazo kwa vizazi. Nyumba imezama ndani ya kijani hicho hata aliye njiani haioni. Nje ya vibanja ndipo lilipo rweya, yaani mbuga ya nyasi iliyokuwa ya kijiji kizima: mifugo ililishwa humo, na nyasi zilikatwa humo, za kutandaza shambani na za kuezekea. Ukitaka kusema kwamba msonge ulikuwa na sura ya nje, basi sura hiyo ilikuwa migomba, na aliyeitengeneza hakuwa fundi wa nyumba bali mwenye jembe.

Mvua nayo ilikuwa na neno lake. Mji wa Bukoba hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na kadiri uendavyo magharibi, mbali na ziwa, mvua hupungua hata nusu yake. Ukuta wa udongo ulioachwa wazi katika mvua kama hiyo hauna maisha. Msonge haukuwa na ukuta wa kulowa.

Nyumba ya pembe nne ilifika kwa njia zaidi ya moja. Wafanyabiashara wa pwani, babu zetu hao, walikwisha kuwa na kituo Kafuro katika Karagwe wakati Speke na Grant walipowasili kwa Mukama Rumanika mwaka 1861. Mwaka 1890 Emin Pasha alisimamisha kituo cha Wajerumani Bukoba. Mwaka 1892 Mapadri Weupe walianza misheni yao Kashozi. Ofisi, kanisa, shule na duka, vyote vilikuwa na kona, na vyote vilikuwa na upande wa mbele. Pale Kanazi, Mukama Kahigi wa Kianja, rafiki wa Wajerumani, alipata kasri ya kuta na madirisha. Na mfalme akishahama kutoka nyumba ya nyasi, raia hawi nyuma sana.

Lakini aliyehamisha watu wengi zaidi hakuwa mfalme wala padri. Ilikuwa kahawa. Wakulima walipoanza kuona fedha baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na tena katika miaka ya 1950 wakiwa na chama chao cha ushirika kilichoundwa mwaka 1950, fedha hiyo ilipanda juu ya nyumba. Bati lilikuwa cheti. Halikuungua, halikuhitaji nyasi mpya, na liling'aa kupitia migombani, hata nyumba ambayo zamani haikuonekana sasa ilijitangaza. Ikafuata kuta za fito na udongo zilizopakwa chokaa, kisha tofali la kuchoma, kisha madirisha ya vioo, kisha kibaraza chenye nguzo mbili. Rweya nalo likaanza kupandwa mikaratusi na misindano, nyasi zikawa adimu, na kidogo kilichopatikana kikagombewa na paa na shamba.

Wapo wanaoililia msonge kana kwamba watu waliiacha kwa kuona haya. Mimi sikubaliani nao. Mwanamke aliyelala miaka yote katika moshi, akihofia cheche moja usiku, alikuwa na haki ya kulitaka bati. Na kijana aliyekwenda kutafuta riziki Kampala, Mwanza au Dar es Salaam, kisha akarudi mwisho wa mwaka kujenga katika kibanja cha baba yake, alikuwa akitimiza wajibu ule ule wa kale kwa vifaa vipya. Ila bei ya kahawa haimngoji mjenzi. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989 bei zilianguka duniani kote. Na kabla ya hapo, mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walikuwa wa mkoa huu. Nyumba ngapi zilibaki na bibi na wajukuu, kuta zimefika madirishani na mwenyewe yumo kaburini hatua chache tu, kila familia huko yajua hesabu yake.

Katika hali hiyo ndipo lipu ilipojipatia kazi ya kuficha. Saruji ni ghali, udongo ni bure. Mjenzi mwenye fedha kidogo huyapanga matofali kwa udongo, kisha saruji aliyonayo huipaka juu, upande wa mbele kwanza. Ikikauka hupigwa rangi, nyeupe juu na ya udongo chini, pengine huchorwa mistari ya kuiga mawe. Nyumba ina uso mzuri. Mgongo wake ni tofali tupu, na ndani ya kuta, kilichoshika tofali kwa tofali ni tope lililokauka.

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, baada ya saa tisa alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 16 walifariki, mamia walijeruhiwa, na nyumba zilizobomoka au kupasuka zilihesabiwa kwa maelfu. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, walikosoma wengi wa wasomi wa nchi hii, ziliharibika hata zikafungwa. Kwa viwango vya dunia tetemeko hilo ni la wastani. Kilichoua ni kuta. Ukuta wa tofali lililoshikwa na udongo ni mzito na hauna mshikamano. Ukisukumwa upande hupasuka kwenye kona, na usipofungwa juu kwa mkanda wa zege, ile linta ya mafundi, kila upande huenda njia yake. Cha kwanza kuanguka aghalabu ni ile pembetatu ya tofali iliyo juu ya ukuta wa ubavuni, chini ya paa, ambayo haikushikwa na chochote. Nyumba nyepesi ya fito hupinda na kurudi. Msonge, kapu lile lililofudikizwa, halikuwa na tofali la kumwangukia mtu.

Siku hizi mwenye nyumba ndogo Bukoba au Muleba anapotaka kuitengeneza kwa nje, huonyeshwa mawazo mengi: bati la rangi, nguzo za duara, vigae vya mfano wa mawe ukutani, matofali ya kupanga uani. Mengine ni mazuri. Mawe yenyewe huko ni tele, yale mawe mchanga ya majabali ambayo wanajiolojia waliyaita kwa jina la Bukoba, na msingi uliopandishwa kwa mawe hayo hukinga ukuta na matone yanayoruka kutoka ardhini. Upenu mpana nao ni pambo na kinga kwa pamoja. Lakini lililonivutia zaidi ni paa linaloteremka pande zote nne. Huonekana la fahari, na fundi hutaka mbao zaidi kwa kenchi zake, ila huondoa kabisa ile pembetatu ya tofali. Kuta zote huishia usawa mmoja, linta huzunguka bila kukatika, na maji humwagika mbali kila upande. Kwa mbali, ukungu wa asubuhi ukiwapo, paa hilo ni kilima kilichotulia katikati ya migomba, na sidhani kama aliyelichagua katika kitabu cha ramani alifikiria nyumba ya babu yake. Lina asili ya msonge kuliko vile vibanda vya duara vinavyowekwa katika bustani za hoteli ili wageni wapigie picha.

Uani ndiko kuna hofu yangu. Katikati ya muongo wa 2000 ugonjwa wa mnyauko uliingia katika migomba ya Muleba, ukasambaa, na dawa yake hadi leo ni kukata na kung'oa mgomba ulioambukizwa. Kibanja kilichong'olewa huiacha nyumba wazi mbele ya jua na upepo, kama mtu aliyevuliwa kanzu sokoni. Wengine, wakiona uwazi huo, humwaga saruji hadi mpakani na kujenga ukuta wenye geti la chuma. Wengine hupanda upya, machipukizi safi, samadi ya ng'ombe wawili wa zizini, matandazo ya nyasi zilizonunuliwa kwa mzigo, na hungoja kwa subira hata jani la kwanza lifike usawa wa upenu.