Zukini yako ina maua tu, haizai? Fanya hivi asubuhi

Umepanda zukini nyumbani, Mbagala au Bunju, maua yamejaa ila matunda hakuna? Usiung'oe mmea. Zukini ni jamii ya maboga: ua dume na ua jike hutoka mbalimbali, hivyo nyuki wakikosekana, kitunda kinageuka njano na kuoza. Joto kali nalo huongeza maua dume.

Kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, chuma ua dume, lile lenye kikonyo chembamba. Ondoa petali, kisha paka chavua yake katikati ya ua jike, lile lenye kitunda chini yake.

Usipulize dawa asubuhi, utaua nyuki. Mwagilia shinani, siyo kwenye majani. Vuna tunda likifika sentimita 15 hadi 20. Ukiliacha likomae, mmea unapunguza kuzaa.