Injini Iliyokuja Ndani ya Kasha

  

Baada ya somo letu juu ya injini ya petroli tulipata barua ya kijana mmoja, fundi wa motokaa. Ameona picha za injini mpya zinazouzwa na viwanda vya Marekani zikiwa peke yake, bila gari, zimefungwa ndani ya kasha. Nyingine zina nguvu za farasi mia saba, nyingine elfu moja. Anauliza: akiweka akiba miaka kadhaa, akainunua moja, kitu gani kitamzuia kuitia katika gari lake kuukuu?

Ndugu yetu fundi, swali lako ni zuri, nami sitalijibu kwa ndiyo wala kwa siyo. Nitakusimulia habari za watu waliokutangulia katika jambo hilo, maana wengine walilipa kwa fedha na wengine kwa viungo vyao.

Kwanza tukumbushane kipimo. Nguvu ya farasi mmoja, kama alivyoipima James Watt, ni nguvu ya kuinua ratili 550 kwa futi moja katika sekunde moja. Yaani kilo 76 hivi kwa mita moja. Gari la Ford Model T, lililotengenezwa tangu 1908 mpaka 1927 na kuwapa Wamarekani wa kawaida motokaa yao ya kwanza, lilikuwa na nguvu za farasi 20 tu. Lililofuata, Model A, lilikuwa na 40. Magari hayo yalikuwa mepesi, na fremu zake, springi zake na breki zake zilipimwa kwa nguvu hizo ndogo. Shika neno hilo, kwani tutalirudia.

Mwaka 1932 Henry Ford alileta injini ya V8. Injini hiyo ina silinda nane zilizopangwa safu mbili, zikakaa kama herufi V. Injini za namna hiyo zilikuwako zamani, lakini katika magari ya matajiri. Ufundi wa Ford ulikuwa kusubu bloku nzima ya chuma kwa mara moja badala ya kuiunga vipande vipande, na kwa hiyo bei ikashuka mpaka kwa mtu wa kima cha kati. Ilikuwa na nguvu za farasi 65. Ilikuwa na kasoro pia: moshi wake moto ulipitishwa ndani ya bloku kabla ya kutoka, kwa hiyo maji yalichemka upesi. Kila aliyeimiliki alijifunza kuichunga rejeta yake.

Magari hayo yalipozeeka au kugongwa, yalitupwa katika viwanja vya vyuma vikuukuu, na hapo ndipo vijana wa California wakaingia. Walinunua V8 kwa fedha kidogo, wakaing'oa, wakaitia ndani ya Model A. Waliondoa mabawa, paa na kila kitu chenye uzito. Kisha wakaenda kwenye maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare kama sakafu, wakashindana. Magari ya namna hiyo baadaye yaliitwa hotirodi.

Sasa lirudie lile neno. Breki za Model A zilivutwa kwa fito za chuma, hazikusukumwa kwa mafuta kama breki za leo. Gari linapokwenda mwendo maradufu, nguvu iliyomo katika mwendo wake haiwi maradufu tu, bali huwa mara nne. Na nguvu hiyo yote lazima breki ziigeuze kuwa moto kabla gari halijasimama. Kijana aliyetoka maili 40 kwa saa akafika maili 80 alikuwa ameiongezea injini yake kazi ambayo breki zake hazikupata kuisikia. Katika ziwa lililokauka ungeweza kuachia gari lijiendee hata lichoke. Katika barabara ya mji wenye watoto na wauza maziwa, haiwezekani.

Ford mwenyewe alichelewa kuzikubali breki za mafuta. Magari yake yalizipata katika miundo ya 1939. Na tazama walivyofanya wale vijana. Breki hizo mpya zilipoanza kuonekana katika viwanja vya vyuma vikuukuu, walizinunua pamoja na injini, wakazifunga katika magari ya 1932 na ya kabla yake. Walizitafuta hata giaboksi za 1939. Hapakuwa na mwalimu aliyewaambia. Waliona wenzao wakishindwa kusimama, na hilo likawatosha.

Mwaka 1937 klabu zao ziliungana zikaunda Southern California Timing Association, ili kupima mwendo kwa haki na kuweka masharti ya usalama. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana wengi walirudi kutoka jeshini wakiwa wamejifunza ufundi wa ndege na vifaru, na mashindano ya barabarani yakazidi mpaka magazeti na polisi wakawapigia kelele. Mwaka 1951 Wally Parks na wenzake wakaanzisha National Hot Rod Association. Kusudi lao moja lilikuwa kuyatoa mashindano barabarani na kuyapeleka viwanjani, na gari likaguliwe kabla ya kukimbia. Mimi husema kwamba mkaguzi yule, mwenye tochi yake akichungulia chini ya gari la kijana mwenye haraka, ameokoa watu wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu.

Mwaka 1955 Chevrolet walileta V8 yao, iliyobuniwa chini ya mhandisi Ed Cole. Ilikuwa na ujazo wa inchi 265, yaani lita 4.3, na nguvu za farasi 162 katika hali yake ya kawaida. Ilikuwa ndogo na nyepesi, nayo ilipenda kuzunguka upesi. Lakini jambo lililoifanya ipendwe na mafundi ni dogo mno, hata wengi hawalitaji: matundu ya boliti yaliyo nyuma yake, yanayoiunga na giaboksi, hayakubadilishwa kwa miaka mingi. Injini ikakua kutoka inchi 265 hadi 283, kisha 327, kisha 350, na bado giaboksi ya kwanza ikakubali kufungwa nyuma ya ile ya mwisho. Mafundi wa kwetu waliotia injini ya dizeli ya Kijapani ndani ya Land Rover ya zamani watalielewa jambo hilo mara moja. Wao wamewahi kukesha usiku wakichonga kipande cha kuunganisha vitu viwili ambavyo havikuzaliwa pamoja.

Wenye viwanda nao walifanya kama wale vijana. Mwaka 1962 Mmarekani Carroll Shelby alichukua gari dogo la Kiingereza, AC Ace, akatia ndani yake V8 ya Ford ya inchi 260. Gari hilo, Cobra, likashinda mengi makubwa kuliko lenyewe. Alipotaka kutia injini kubwa ya inchi 427, fremu ya zamani haikufaa tena. Kwa hiyo gari la 1965 likapewa fremu mpya yenye mabomba manene zaidi, na springi za koili badala ya zile za vyuma bapa. Mwenzake, Sunbeam Tiger la 1964, liliingizwa V8 kwa kubanwa sana, hata plagi moja ikawa haifikiki ila kwa kutoa kizibo katika ukuta wa mbele na kuingiza mkono kutoka ndani ya gari!

Injini za kasha zilitokana na biashara ya vipuri. Injini ikifa, mwenye gari hununua nyingine nzima kwa wakala. Kwa miaka mingi V8 ya inchi 350 iliuzwa hivyo, na watu wakatambua kwamba hakuna aliyewauliza gari gani litaipokea. Viwanda vikaliona soko hilo. Mwaka 2017 Mopar walitangaza injini ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 707. Mwaka uliofuata wakaonyesha nyingine ya nguvu 1000. Ilipoanza kuuzwa mwaka 2019, kwa bei ya dola 29,995, zilizoandaliwa zilikwisha kwa siku mbili. Mwaka 2021 Chevrolet wakaonyesha yao ya lita 10.35, yenye nguvu 1004.

Kazi ambayo kijana wa 1938 aliifanya kwa mikono yake mwenyewe, kuitafutia injini nguvu, siku hizi kiwanda kimemfanyia. Nasema imekuwa rahisi mno. Yule wa zamani aliongeza nguvu kumi, akaona giaboksi ikilia. Akaongeza nyingine kumi, akaona rejeta ikichemka. Alijifunza kila kiungo kwa zamu yake. Anayefungua kasha leo hupokea nguvu zote siku moja, na gari la 1955 lililozipokea bado lina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na fremu iliyopimwa kwa farasi 162. Breki, shafti, difu, pampu ya petroli, rejeta, matairi: vyote hivyo ni vya kununua mbali. Na injini za leo huongozwa kwa kompyuta, kwa hiyo nyaya zake nazo zataka mtu anayezijua.

Serikali nayo ina neno. Mopar waliitangaza injini yao ya nguvu 707 kwa magari ya kabla ya 1976, kwa ajili ya sheria za moshi. Katika California, gari la 1976 au la baadaye likibadilishwa injini, injini hiyo haifai kuwa ya mwaka wa nyuma kuliko gari lenyewe, vifaa vyote vya kusafisha moshi viwepo, na mkaguzi maalumu alitazame.

Ndugu fundi, kabla hujaanza kuweka akiba, sikia na hili. Mwaka 2021 Ford waliuza mota ya umeme kwa ajili ya magari ya zamani, yenye nguvu za farasi 281, kwa dola 3,900. Watu waliona bei wakafurahi, na zile za kwanza zikaisha upesi. Ndani ya kasha mlikuwa na mota. Betri haikuwamo, wala kifaa cha kuiongoza.