Penzi la Wasio Kufu: Sheria, Fedha na Riwaya za Regency

Riwaya za mapenzi ziitwazo za Regency ni zile ambazo visa vyake hutukia Uingereza katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, wakati Mfalme George III alipolemewa na maradhi ya akili na mwanawe mkubwa akakaimu kiti chake kuanzia Februari 1811 hadi Januari 1820, baba alipofariki na mwana akawa George IV. Ukaimu huo haukutimiza hata miaka 9, lakini watunzi na wachapishaji wameurefusha pande zote mbili, kiasi kwamba riwaya yenye kisa cha mwaka 1795 au 1825 nayo huuzwa kwa jina hilohilo. Kisa kinachopendwa kuliko vyote ni cha wapendanao wasio kufu, yaani wasiolingana kwa ukoo, cheo au mali: lodi na mwalimu wa kike aliyeajiriwa kuwasomesha wadogo zake nyumbani, binti wa mwinyi na mwana wa mchuuzi, dyuki na mtumishi wa jikoni. Msomaji wa leo huelekea kudhani kwamba watu hao walitenganishwa na majivuno ya wazazi. Majivuno yalikuwapo, tena tele, lakini nguvu yake ilitokana na hati za urithi, mikataba ya ndoa na sheria za bunge, na ni katika kuzikabili au kuzikwepa hati hizo ndipo watunzi wa riwaya hizi wanapopimika.

Utajiri wa makabaila wa Kiingereza ulikuwa ardhi, na ardhi hiyo mara nyingi ilifungwa kisheria ili isiuzwe wala kugawanywa, bali ipite nzima kutoka kwa mwanamume mmoja hadi mwingine, kwa kawaida mtoto wa kwanza wa kiume. Aliyeishika aliishi kwa kodi za wakulima waliopanga mashamba yake, lakini hakuwa na uhuru wa kuitoa mikononi mwa ukoo. Wadogo zake wa kiume walitafuta riziki jeshini, kanisani au katika kazi ya uwakili, na mabinti walipewa fungu la fedha ambalo mara nyingi lilikwisha kutajwa katika mkataba wa ndoa ya wazazi wao, kabla wao wenyewe hawajazaliwa. Mahari, kinyume na desturi ya Afrika Mashariki, yalitoka upande wa binti kwenda kwa mume, na upande wa mume ukajifunga kumlipa mke posho ya kila mwaka endapo angefiwa. Mali ambayo haikuwekwa chini ya wadhamini iliangukia mikononi mwa mume mara tu ndoa ilipofungwa. Kwa hiyo ndoa ilikuwa muamala wa koo mbili uliosimamiwa na mawakili, na kijana aliyempenda msichana asiye na fungu alivuruga hesabu zilizopangwa kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa bado.

Bunge nalo liliingilia kati. Sheria ya ndoa ya mwaka 1753, iliyojulikana kwa jina la Lodi Hardwicke na kuanza kutumika mwaka uliofuata, iliagiza kwamba ndoa katika Uingereza na Wales ifungwe kanisani baada ya kutangazwa Jumapili tatu mfululizo, au kwa leseni, na kwamba ndoa ya leseni ya kijana asiyetimiza miaka 21 ni batili bila ridhaa ya baba au mlezi wake. Wabunge waliounga mkono sheria hiyo hawakuficha shabaha yao, ambayo ilikuwa kuwakinga warithi matajiri, wa kike kwa wa kiume, wasinaswe na watu wa chini. Uskoti haikuguswa. Huko ilitosha wawili kutamka mbele ya mashahidi kwamba wanaoana, na kwa kuwa Gretna Green ni kijiji cha kwanza kwa msafiri anayevuka mpaka kutoka kusini, kikawa kimbilio la waliotoroshana, na wahunzi wa kijiji, miongoni mwa wengine, wakajipatia kipato kwa kusimamia viapo hivyo. Mlango huo ulibanwa mwaka 1856 tu, sheria mpya ilipodai mmoja wa wanandoa awe ameishi Uskoti siku 21 kwanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa jinsi sheria, fedha na tabaka vilivyosokotana ni ule wa Sarah Anne Child, mtoto wa pekee wa Robert Child, mwenye benki ya Child jijini London na kasri la Osterley Park magharibi ya jiji hilo. Mwezi Mei 1782, akiwa bado hajafikisha miaka 21, alitoroka na John Fane, erli wa 10 wa Westmorland, wakaelekea Gretna Green. Inasimuliwa kwamba baba aliwafukuza barabarani kwa gari la farasi, na kwamba farasi mmoja alipigwa risasi katika mbio hizo. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mwenye cheo cha juu alikuwa mwanamume na mwenye fedha alikuwa mwanamke, na aliyekataa ndoa alikuwa mfanyabiashara. Hakutaka mali ya benki imezwe na ukoo wa erli. Wawili hao walifunga ndoa, Child akafariki miezi miwili hivi baadaye, lakini kabla ya kufa aliandika wasia uliomruka mrithi wa cheo cha Westmorland na kuipeleka mali kwa mtoto wa pili wa kiume wa binti yake au kwa binti yake mkubwa. Ndivyo ilivyomfikia mjukuu wa kike, Sarah Sophia, aliyeolewa mwaka 1804 na mwanamume aliyekuja kuwa erli wa Jersey, akawa mbia mkuu wa benki ya babu yake tangu mwaka 1806 hadi alipofariki mwaka 1867.

Bibi huyo, Lady Jersey, ndiye anayejitokeza katika riwaya nyingi za Regency akiwa mmoja wa wanawake walioongoza Almack's, ukumbi wa dansi wa London ambako hakuna aliyeingia bila kibali cha kamati ya mabibi wenye vyeo, na ambako utajiri wa biashara pekee haukumfungulia mtu mlango. Watunzi humchora kama mlinzi wa lango la tabaka, na hawakosei. Hata hivyo ni wachache wanaokumbusha kwamba mlinzi huyo alikuwa mjukuu wa mwenye benki, na tunda la ndoa ya kutoroshana.

Aliyekaimu kiti cha mfalme naye alikuwa na lake. Desemba 1785 alimwoa kwa siri Maria Fitzherbert, mjane Mkatoliki, ilhali sheria ya mwaka 1701 ilimnyima kiti cha enzi yeyote aliyefunga ndoa na Mkatoliki, na sheria ya mwaka 1772 ilibatilisha ndoa ya mwanamfalme wa umri wake iliyofungwa bila idhini ya mfalme. Sheria hiyo ya pili, kwa kejeli ya historia, ndiyo iliyomwokoa na ile ya kwanza, maana ndoa batili haikuweza kumpokonya urithi. Mwaka 1795 alimwoa Caroline wa Brunswick, na ndoa hiyo ikawa fedheha ya taifa zima.

Katika fasihi, kisa cha mtumishi aolewaye na bwana wake kilitangulia Regency kwa miongo mingi. Samuel Richardson alikitoa mwaka 1740 katika riwaya ya Pamela, ambamo msichana wa kazi anakataa kuwa kimada wa bwana wake hadi bwana anasalimu amri na kumwoa. Wasomaji waligawanyika, na Henry Fielding akaikejeli mwaka uliofuata katika Shamela, akimfanya msichana huyo mjanja aliyejua tangu mwanzo anakokwenda.

Jane Austen, aliyezaliwa mwaka 1775 na kufariki mwaka 1817, ndiye chemchemi ya karibu kila kitu kilichofuata, lakini anayemsoma kwa makini hugundua kwamba hakuwahi kumwoza shujaa wake wa kike kwa mtu wa tabaka jingine kabisa. Katika Pride and Prejudice ya mwaka 1813, Darcy ana pato la paundi 10,000 kwa mwaka na baba yake Elizabeth Bennet ana 2,000, tena shamba lake limefungwa kisheria lirithiwe na ndugu wa kiume wa mbali kwa kuwa yeye ana mabinti watupu. Lady Catherine, shangazi yake Darcy, anapokuja kumkemea Elizabeth, msichana humjibu kwamba Darcy ni mwungwana na yeye ni binti wa mwungwana, hivyo ni kufu. Hoja hiyo haiuvunji ukuta wa tabaka. Inadai tu kwamba msemaji tayari yuko ndani yake. Ujomba wake Elizabeth umo katika uwakili na biashara, na ni upande huo unaomtia Darcy kinyaa kabla hajakutana na mjomba mwenyewe, mfanyabiashara wa London, na kumwona ni mtu wa heshima.

Emma, iliyotoka Desemba 1815, inakwenda mbali zaidi. Emma Woodhouse anamchukua Harriet Smith, msichana asiyejulikana baba yake, akajiaminisha kwamba lazima awe mtoto wa siri wa mtu mkubwa, na kwa sababu hiyo akamshawishi akatae posa ya Robert Martin, mkulima mpangaji mwenye adabu na akili. Mwishoni inabainika kwamba baba yake Harriet ni mfanyabiashara wa kawaida, naye anaolewa na mkulima yuleyule. Kwa maneno mengine, Austen aliichukua mbinu ambayo baadaye ingekuwa nguzo ya riwaya za Regency, yaani fumbo la uzawa wa siri, akaigeuza kichekesho. Na katika Persuasion, iliyochapishwa baada ya kifo chake, Anne Elliot, binti wa baroneti, anashawishiwa kumwacha Frederick Wentworth, afisa wa jeshi la majini asiye na kitu. Baada ya takriban miaka 8 Wentworth anarudi na paundi 25,000, kwa sababu vita dhidi ya Ufaransa viliwagawia manahodha fedha za ngawira kutokana na meli walizoteka. Tabaka la Anne halikubadilika, wala penzi lake. Kilichobadilika ni mfuko wa mwanamume.

Riwaya ya Regency kama aina inayojitegemea ilianzishwa na Georgette Heyer, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1902, kwa kitabu cha Regency Buck cha mwaka 1935. Heyer alichunguza mavazi, magari ya farasi na misemo ya mitaani ya wakati huo kwa bidii ambayo wengi waliomfuata hawakuifikia, lakini kuhusu tabaka alikuwa mhafidhina kuliko Austen. Katika These Old Shades ya mwaka 1926, yenye kisa cha karne ya 18, dyuki anamwokota mtoto wa mitaani huko Paris, ambaye baadaye anabainika kuwa binti halali wa mwinyi wa Kifaransa aliyebadilishwa utotoni na mvulana wa wakulima. Mvulana huyo aliyelelewa kasrini hana shauku ila ya kulima. Damu, kwa mujibu wa riwaya hiyo, haifichiki. Ni katika A Civil Contract ya mwaka 1961 tu ndipo Heyer alipolitazama suala hili ana kwa ana: lodi mwenye madeni anamwacha mrembo ampendaye na kumwoa Jenny Chawleigh, binti mnene na mpole wa tajiri wa biashara, na upendo wao unaota polepole kwenye chakula, kilimo na malezi. Wapenzi wa Heyer wengi hawakipendi sana kitabu hicho, na pengine ndicho chenye ukweli mwingi kuliko vyote alivyoandika.

Baada ya Heyer kufariki mwaka 1974, uwanja ulihamia kwa kiasi kikubwa Marekani, na madyuki wakaongezeka kupita kipimo. Katika historia, wale wasio wa ukoo wa kifalme hawakufika 40 kwa pamoja katika Uingereza, Uskoti na Ayalandi, na wengi wao walikuwa wazee au wameoa. Lisa Kleypas, katika Dreaming of You ya mwaka 1994, alithubutu kumfanya mpenzi wa kiume mwenye jumba la kamari aliyezaliwa katika vichochoro vya London. Julia Quinn alikuwa mwangalifu zaidi: katika An Offer from a Gentleman ya mwaka 2001, mojawapo ya vitabu vilivyozaa tamthilia ya Bridgerton, Sophie ni mtumishi, lakini ni binti wa nje wa erli, na mwishoni hugundulika kwamba baba alimwachia mahari ambayo mama wa kambo aliyala.

Historia yenyewe haikuwa na uangalifu huo. Sir Harry Fetherstonhaugh, baroneti wa kasri la Uppark kusini mwa Uingereza, aliwahi kuishi na Emma Hart, binti wa mhunzi, akamfukuza alipopata mimba. Emma huyo ndiye aliyeolewa baadaye na balozi wa Uingereza mjini Naples na kujulikana kama Lady Hamilton. Mwaka 1825, akiwa na miaka 70, Sir Harry alimwoa Mary Ann Bullock, msichana wa takriban miaka 20 aliyefanya kazi katika jengo la maziwa hapo kasrini. Inasimuliwa kwamba alimwambia, ikiwa amekubali posa, akate kipande cha paja la kondoo litakaloletwa mezani jioni ile, na paja likaletwa limekatwa. Alimpeleka Paris akasomeshwe, kisha alipofariki mwaka 1846 akamwachia mali yote, na Mary Ann alipofariki mwaka 1874 kasri likaenda kwa mdogo wake, Frances, aliyechukua jina la Fetherstonhaugh.

Frances alimwajiri mwaka 1880 Sarah Wells, aliyewahi kuwa mtumishi wake, awe msimamizi wa watumishi wa nyumba. Mwana wa Sarah, H. G. Wells, aliyesoma vitabu vya maktaba ya kasri hilo, alilitumia kama kielelezo cha Bladesover katika riwaya yake ya Tono-Bungay ya mwaka 1909, ambamo mtoto wa msimamizi wa nyumba anampenda Beatrice, msichana wa tabaka la juu. Hakuna uzawa wa siri wala wasia uliofichwa. Shujaa anatajirika, wanapendana tena ukubwani, na Beatrice anakataa kuolewa naye.